Sekunde Tatu Mikononi mwa Mama Mkia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Mkia anasimama mlangoni mwa chumba cha panya na kukohoa kidogo kabla ya kuingia. "Wajue ni mimi," anasema.

Ndani kuna vizimba arobaini na nane kwenye rafu za chuma, vimetandikwa maranda mapya. Anafungua cha kwanza, anaingiza mkono mtupu na kusubiri. Panya mweupe ananusa vidole, kisha anapanda kiganjani mwenyewe.

Anamzungushia kitambaa, anaacha mkia nje na kuulaza juu ya tundu la mashine. Chini ya tundu kuna taa kali. Joto likimkera, panya anauchomoa mkia na saa ya mashine inasimama. Sekunde tatu nukta moja. Asipouchomoa, taa hujizima ikifika sekunde kumi ili asiungue.

Mwandishi wa makala haya anatazama yote hayo kupitia kioo cha mlango. Amekatazwa kuingia, na si kwa sababu ya uchafu wa viatu vyake.

Mama Mkia, jina alilopachikwa na wafanyakazi wenzake, ana umri wa miaka hamsini na tisa. Ametunza panya wa maabara hii kwa miaka kumi na saba, kwa mkataba unaohuishwa kila mwaka. Ameng'atwa mara thelathini na moja, anazihesabu. Mumewe, fundi cherehani, hajawahi kuizoea kazi hiyo.

"Huwa ananiambia, 'Wenzio wanawatega panya, wewe unawatandikia kitanda,'" anasema huku akicheka.

Maabara inachunguza neuropeptidi, vipande vidogo vya protini ambavyo neva hutumia kupashana habari. Baadhi hupunguza maumivu. Nyingine huikata makali morfini, dawa ya maumivu makubwa. Watafiti wanataka kuizuia moja ya hizo za kukata makali, ili mgonjwa apate nafuu kwa morfini kidogo tu.

"Mimi nimeelewa hivi," anasema. "Morfini inafunga bomba la maumivu. Halafu kuna kitu mwilini kinakuja nyuma yake kulifungua. Sasa hicho ndicho wanachokitafuta."

Mwaka jana binti yake alijifungua, naye akaomba likizo ya wiki tatu. Kabla ya kuondoka aliandaa chupa zote na kuzibandika lebo kwa mwandiko wake: huku morfini, kule maji ya chumvi kwa panya wa kulinganishia. Mtafiti msaidizi akashika nafasi yake.

Aliporudi alikuta barua ya kujieleza. Panya waliochomwa maji matupu ya chumvi walikuwa wamevumilia taa kwa sekunde sita, hata saba, kana kwamba wamepewa dawa. Lebo zilikuwa na mwandiko wake. Mkuu wa maabara aliona ni wazi kwamba amechanganya chupa. Alipewa siku saba za kujibu, na mkataba wake ukasimamishwa mpaka hapo.

"Nilikasirika, sitakudanganya," anasema. "Miaka kumi na saba, kisha naambiwa sijui kutofautisha chupa. Nilikaa na ile karatasi mezani, hata mjukuu sikumfurahia vizuri."

Hakuandika utetezi mrefu. Aliomba kitu kimoja: panya wapimwe bila sindano yoyote, nusu washikwe na yeye, nusu washikwe na mkuu mwenyewe.

Mkuu alikubali. Wanaosimulia siku hiyo wanasema alimshika panya wa kwanza kama anashika kaa la moto, na panya akakojoa kwenye mkono wa koti lake. Mikononi mwa Mama Mkia, mikia ilichomolewa kwenye sekunde tatu. Mikononi mwa mkuu, ilifika sita na nusu. Kesho yake walibadilishana panya. Namba zilibaki na mikono ile ile.

Chupa hazikuwa na kosa. Panya waliogopa mikono ya mgeni, na mwili wenye hofu hujimwagia dawa yake wenyewe ya kuzima maumivu.

"Nimefundisha jambo hilo darasani miaka mingi," mkuu wa maabara anasema, akitazama viganja vyake. "Sikufikiria kwamba hofu yenyewe ni mimi. Nilimwomba radhi mbele ya wote."

Barua ilifutwa na mkataba ukahuishwa. Vipimo vya wiki tatu vilitupwa, pamoja na kazi ya panya ishirini na wanne. Hilo bado linamuuma Mama Mkia kuliko ile barua. "Walichomwa bure," anasema.

Leo kitabu cha taratibu kina mstari mpya, alioambiwa auandike kwa mkono wake: asiyewashika panya siku saba mfululizo asiwapime. Ndiyo maana mwandishi amebaki nyuma ya kioo.

Mama Mkia amebakiza miezi minane kustaafu. Mrithi wake ameshapatikana, mama wa makamo aliyekuwa mfanyausafi wa jengo hilo hilo, na kila asubuhi huingiza mkono mtupu na kusubiri.

Utafiti ukiisha, panya hawaendi popote. Hulazwa kwa sindano ya mwisho, na anayewachoma ni daktari wa mifugo. Mama Mkia si lazima awepo. Huwa anaenda, anawashika mmoja mmoja mpaka walegee.

"Siku hiyo hakuna namba ya kuandika," anasema, akimrudisha panya kwenye maranda. "Mrithi wangu nimeshamfundisha mashine, vizimba na funguo za dawa. Hili halimo kitabuni, nitamwomba tu. Siku hiyo wasishikwe na mgeni."