Kondoo Kumi na Tisa Walionifuata Kazini

Jumanne moja ya mwezi wa tatu nilifika kazini kwa baiskeli, saa mbili kasoro asubuhi, nikiwa na kondoo kumi na tisa nyuma yangu.

Sikuwaita. Siwafugi. Wala sikujua kama wananifuata mpaka nilipofika darajani, askari wa barabarani akapuliza filimbi, nikadhani ni mimi nimekosea.

Nikageuka nyuma.

Wakuu, nilichoka.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Bosi wangu, daktari Age, ni mama mmoja asiyeshtuka na kitu. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akanitazama mimi, akawatazama wao.

"Wana miadi?"

"Hawana."

"Basi wasubiri nje."

Akarudi ndani kumalizia kahawa yake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Naitwa Drane. Nyumbani ni Shiroka, kando ya ziwa, na kazini ni Shkodra mjini. Kilomita kama sita hivi, na kipande kirefu ni kijia chembamba kinachopita kati ya maji na barabara. Miaka tisa nilikuwa ng'ambo ya bahari, Brescia, Italia. Baba alifariki mwaka juzi, nikaja kuzika nikarudi. Vuli iliyopita nikahama moja kwa moja, kwa sababu mama alibaki peke yake na alikuwa ameanza kupiga soga na kuku.

Sasa Shkodra kila mtu ana baiskeli. Padri anayo, mwalimu anayo, bibi wa miaka themanini anayo na mkono mmoja kashika mwavuli. Zote ni zilezile: chuma kizito, gia moja, breki ya kukanyaga kinyumenyume, taa hamna.

Mimi nikaja na baiskeli ya gia ishirini na moja. Kofia ngumu kichwani, kizibao cha njano kinachong'aa, taa mbili mbele na moja nyuma.

Pashk, fundi baiskeli aliyenizibia pancha tangu niko darasa la tatu, aliizunguka mara mbili kimya.

"Gia ishirini na moja," akasema mwishowe. "Mji wenyewe una kilima kimoja, na juu yake kuna ngome. Unafanya kazi ngomeni?"

"Kuna upepo wa ziwani, Pashk. Ukikuvumia usoni unataka gia nyepesi."

"Sisi ukituvumia usoni tunashuka, tunakunywa kahawa."

Kusema kweli huwa natumia gia tatu tu. Hilo sikumwambia.

Shida yangu haikuwa upepo. Shida ilikuwa mzee Lulash.

Lulash alishuka kutoka milimani zamani, akajenga mwisho wa Shiroka. Kila asubuhi saa moja anapitisha kondoo wake kwenye kile kijia, na saa moja ndiyo saa yangu. Mimi napiga kikengele changu, ting ting. Kondoo hawasogei. Mzee hasogei. Siku ya tatu nikashuka.

"Mzee, husikii kengele?"

"Naisikia."

"Mbona hunipishi sasa?"

Akanikagua kuanzia kofia hadi taa. "Mimi nina jina, binti Kola. Kengele anapigiwa mnyama. Halafu hayo mataa ni ya nini? Umekuwa mti wa Krismasi?"

Kola ndiye baba yangu; ni Nikola kwa kifupi.

Na mzee alikuwa sahihi, ila wakati ule sikukubali. Kwetu mtu humpigii kengele. Unamsalimia kwa jina, unauliza nyumbani hawajambo, ndipo unapita. Brescia ilikuwa imenitoa huko. Mimi nilichoona ni kwamba nachelewa kazini, na dawa ni kelele zaidi.

Nikaenda kwa Pashk.

"Nataka kengele ya kuamsha wafu."

Akaingiza mkono kwenye boksi la vyuma chakavu chini ya meza, akapekua, akaibuka na kengele ya shaba iliyozeeka, kubwa kama kikombe cha chai, ile ya kuning'inia. Akaifunga kwenye usukani kwa waya.

"Hii watakusikia mpaka ng'ambo ya mpaka."

Kesho yake ndiyo ile Jumanne. Lulash alikuwa pembeni anabishana na mvuvi, amewapa kondoo mgongo. Mimi nikaingia kijiani, kengele inalia yenyewe kwa kila jiwe. Kondoo wote wakainua vichwa. Wakanipisha, wamejipanga, adabu tele. Nilifurahi sana. Nikapita kidedea bila kugeuka.

Hapo ndipo nilipokosea.

Saa nzima baadaye Lulash akafika mlangoni kwetu na baiskeli yake mbovu, anahema, kofia mkononi. Nikajiandaa kutukanwa. Hata hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye usukani wangu, akaishika ile kengele kwa kiganja kizima mpaka ikanyamaza.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa Pashk. Ni kengele tu, mzee."

"Si kengele tu. Ni ya Balosh."

Habari za Balosh nilizipata mpaka Brescia, kwa simu.

Balosh alikuwa dume la Lulash, lile linalotangulia na kuvaa kengele, wengine wote wanafuata sauti. Miaka minne iliyopita lilipotea na kengele yake. Huko milimani anakotoka Lulash, ukiiba kondoo wa kawaida wewe ni mwizi, yanaisha. Ukiiba dume la kengele umeivunjia heshima nyumba nzima, na nyumba yako inabeba jina hilo mpaka kwa wajukuu. Lulash alimtuhumu mdogo wake, Vuksan, kwa kuwa walikuwa wamegombania malisho. Alimtaja mbele ya kanisa, watu wanatoka misani. Vuksan akaapa, akalia, akahamia Zogaj, kijiji cha mbele. Hawajasemeshana tena. Vuksan kaozesha binti, Lulash hakukanyaga.

"Nilimwita mdogo wangu mwizi," Lulash akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo kengele iko kwa binti Kola. Jumapili baada ya misa utaniambia imetoka mkononi mwa nani. Usiponiambia, basi nyumba iliyoiba nimeshaijua."

"Ichukue basi, mzee."

"Siichukui mpaka nijue naichukua kwa nani."

Akaanza kuwaswaga kondoo. Wakagoma. Majike wazee walikuwa wameikodolea macho baiskeli. Ikabidi niifunge kengele kwa taulo la kazini, nikaitikise hapo mbele yao isilie, ndipo wakakubali kuondoka.

"Mteja wa saa nne," daktari Age akasema kutoka ndani, "anauliza kama hiyo mbolea mlangoni ni yetu."

Kufika jioni Shiroka yote inajua. Mkahawani kwa wavuvi hakuna aliyenipungia mkono. Mama muuza byrek, yaani pai za jibini, yule ambaye hajawahi kunifungia kipande bila kumuulizia mama, alinifungia kimya, akageukia oveni.

Niliogopa, siwafichi. Mimi naweza kurudi Brescia kesho. Mama hana Brescia. Ana kanisa, ana duka, ana majirani wawili na wale kuku. Jina la wizi wa kengele likiingia kwetu, ataishi nalo peke yake mpaka anakufa.

Asubuhi nikamfuata Pashk.

"Ile kengele ulipewa na nani?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Usiniulize, Drane."

"Nimeshakuuliza."

"Boksi lilitoka kwenu. Baada ya misa ya arobaini ya baba yako, mama yako alinipa vyuma vyote vya bandani. Sikuwahi kuvipekua hadi juzi. Ningejua ni ya Balosh ningeitupa ziwani, wallahi ya Mungu wetu sote."

Nilirudi nyumbani kwa gia nzito kabisa na sikusikia miguu.

Mama alikuwa jikoni anaparua samaki.

"Mama, Balosh yuko wapi?"

Hakuuliza Balosh gani. Kisu kilisimama. Akatazama dirishani, kwenye mtini ulio kando ya banda.

Nilikuwa nimekula tini za mti ule vuli nzima. Jamu pia nilitengeneza.

"Alikuwa anarudi na baiskeli," mama akasema. "Giza linaingia, taa hana. Unamjua baba yako, hiki kijia nakijua hata nikifumba macho. Dume limesimama katikati. Akaligonga, likaviringika kwenye mawe, likavunjika shingo. Yeye mbavu mbili. Watu tuliwaambia ameanguka kwenye ngazi."

"Kwa nini hakusema?"

"Alisema atakwenda kesho. Kesho yake Lulash akawa ameshamtaja Vuksan. Baba yako akaona aibu, akasema basi kesho. Ikawa kesho miaka miwili, halafu akafa."

"Mlimla?"

"Mungu apishe mbali! Alimzika mwenyewe, na mbavu zake zile. Mimi nilishika koleo. Kengele akaificha bandani, nami nikaja kuisahau kwenye vile vyuma."

Nilimkasirikia baba. Nilimkasirikia mpaka nikalia, halafu nikaendelea kulia kwa kuwa nimemkumbuka.

Mama akaosha mikono. "Mwambie umeinunua soko la mitumba. Nani atabisha?"

Sitawadanganya, wazo hilo nililala nalo siku tatu. Lilikuwa zuri, halina kasoro hata moja, isipokuwa Vuksan angebaki mwizi.

Jumapili sikuingoja. Jumamosi jioni nikaenda kwa Lulash, nikaiweka kengele mezani. Mkewe akaleta kahawa. Sikuigusa. Kwetu ukishakunywa kahawa ya mtu umekubali kuwa mgeni wake, na mimi sikujua kama nitabaki kuwa mgeni.

Nikasema yote. Giza, ngazi ya uongo, mtini.

Lulash aliuliza swali moja kwanza. "Alimla?"

"Hapana. Alimzika."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ilikuwa siku gani?"

"Mama anasema ni mkesha wa Mtakatifu Nikola. Anakumbuka kwa sababu kesho yake wageni walikuja kumpongeza baba kwa siku ya mtakatifu wa jina lake, na hakuweza kukaa wima."

Mzee akakitazama kiti changu. Mkewe akasimama na sinia.

"Alikuwa hapa," Lulash akasema.

"Nani?"

"Kola. Kwenye hicho kiti ulichokalia. Nilimwita mimi, tunywe raki kwa ajili ya jina lake. Alitaka kuondoka mwanga ungalipo. Nikamwambia kaa, moja ya mwisho. Zikawa tatu. Kondoo nilikuwa bado sijawafungia zizini."

Akaifunika kengele kwa kofia yake.

"Niliamka na kichwa kinagonga, Balosh hayupo. Sikujiuliza nani aliacha zizi wazi. Nilimkumbuka Vuksan."

Akasimama, akavaa koti, akatoka nje. Nikamfuata. Alikuwa anaitoa baiskeli yake ukutani.

"Unakwenda wapi, mzee Lulash?"

"Zogaj."

"Giza linaingia. Nenda kesho."

"Kesho?"

Nikasogea pembeni.

Akasimama pale ameshika baiskeli isiyo na taa, akaitazama yangu. Alipiga chafya. Akakohoa. Akakuna shavu.

"Hayo mataa yako," akasema, "yanafunguka?"

"Yanafunguka."

Nikamfungia ya mbele na ya nyuma. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akabonyeza mara tatu mpaka ikaanza kumetameta, nikamwambia iache hivyohivyo. Akaondoka kando ya ziwa akiwaka kama mti wa Krismasi, nami sikumwambia. Kisha nikarudi ndani nikanywa ile kahawa. Ilikuwa imepoa, nikaimaliza.

Jumapili walikuja misani wote wawili, kila mmoja na baiskeli yake. Watu walipotoka, Lulash akasimama palepale aliposimama miaka minne iliyopita.

"Sikuibiwa," akasema. "Nililewa. Vuksan hakugusa kitu. Kola aligonga dume langu gizani, akalizika kama mtu, na raki ilikuwa yangu."

Akavaa kofia. Hotuba imekwisha.

Taa nililetewa na Vuksan mwenyewe. "Betri zimekufa," akasema, hana hata soni. "Tuliiweka mezani tukaisahau inawaka." Akaomba aonyeshwe mtini. Akasimama chini yake, kavua kofia, mama kando yake. Sijui walisema nini, ila mama alirudi ndani anapiga mluzi, na mimi sikujua kama mama yangu anajua kupiga mluzi.

Kengele sasa anavaa dume jipya. Mimi nimebaki sina, na siitaki. Nikifika kijiani naita, "Habari za asubuhi, mzee Lulash! Vuksan hajambo?" Anageuka, anawasogeza kondoo, halafu ananieleza kweli Vuksan hajambo kiasi gani, na mguu, na mjukuu. Nachelewa dakika kumi kila siku. Daktari Age ameshabadilisha ratiba yangu bila kuniuliza.

Mama muuza byrek amerudi kumuulizia mama.

Gia bado natumia tatu.

Kama unataka ya kuondoka nayo, ni haya. Giza likikaribia washa taa, wakucheke tu. Unayemkuta njiani mwite jina lake. Na ukishamkosea mtu, mwendee siku hiyohiyo, maana wewe ukisubiri yupo mwingine anayebebeshwa kosa lako.

Kutoka kwetu hadi kwa Lulash ni kilomita mbili. Baba alikuwa na baiskeli.