Ng'ombe Walikuwa wa Baba Yangu

Nilimwonea mwenzangu wivu tangu siku ya kwanza alipoingia maabara yetu pale Eldoret, mwezi wa mvua, mji mzima ni tope, na viatu vyake vinang'aa. Mimi nilikuwa nimetoka Kapseret kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini. Yeye alikuwa mtoto wa Msomali mwenye malori mjini, bila shaka aliletwa na gari hadi mlangoni. Nikasema moyoni, haya, huyu naye katoka wapi?

Tulikuwa wahandisi wawili vijana na kazi yetu ilikuwa moja: kuzifanya kompyuta zipelekeane habari kwa redio, bila waya. Moja ilikuwa mjini, nyingine katika ghala la mahindi Turbo. Simu zilikatika kila mvua ilipopiga, kwa hiyo mkuu wa idara alitaka hesabu za ghala zije kwa mawimbi. Nani alipanda mlingoti? Mimi. Nani aliunda antena kwa mabomba ya maji yaliyotupwa? Mimi. Mwenzangu, bwana mkubwa, alishika chuma cha kulehemu mara moja, akaungua vidole, akarudi kwenye kiti chake kufikiri. Na bado karani wa idara alichapa kazi zake kabla ya zangu, na chai yake ilitiwa sukari zaidi. Sukari! Hata hiyo ilinikera.

Enzi hizo kila kitu kilikuwa kimoja. Chama kimoja, sauti moja redioni, na kwetu sisi nafasi moja ya kwenda ng'ambo kusomea uzamifu. Mkuu wa idara alituambia kila mtu atetee mpango wake wa utafiti mbele ya jopo, na atakayeshinda ndiye atakayepanda ndege. Niliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukanihama. Mama alikuwa ameshawatangazia wanawake wa kanisani kwamba mtoto wake anaenda Ulaya.

Tatizo tulilopewa lilikuwa hili. Mawimbi hayana mlango. Mtu anaweza kukaa Soy na redio yake nzuri akasikia kila tulichotuma, na wenye masikio marefu hawakuwa wachache miaka ile. Tena, hesabu zote zikiwekwa kwenye kompyuta ya mjini, ikiharibika au ikichukuliwa, kwisha. Tungezilindaje? Mimi nilikuwa na jibu langu: kituo kimoja kikubwa, chenye nguvu, kufuli juu ya kufuli. Niliona hakuna mwenye akili atakayelipinga.

Jumapili moja Mama aliniamuru nimlete mwenzangu nyumbani. Nilijaribu kukwepa, ikashindikana. Mama alijua mgeni, kwa kuwa Mwislamu, hangekula nyama iliyochinjwa na sisi, basi akasonga ugali, akapika mboga, akamtolea mursik, yale maziwa yetu ya kulala kwenye kibuyu. Watu wengi wa mjini huyanusa tu wakasingizia tumbo. Yeye alikunywa kikombe akaomba kingine. Baba akafurahi hadi akasahau kwamba mimi pia nimo chumbani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona.

Tulipotoka nje mwenzangu akasimama kwenye ua wa ng'ombe.

"Mzee," akamuuliza Baba, "boma hili ni kubwa sana. Mbona ng'ombe ni watatu tu?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikadakia, "Wengine wako kwa watu. Twende tukanywe chai."

"Wewe, ngoja," Baba akaniambia. Akamgeukia mgeni. "Kijana wangu, sisi hatuweki ng'ombe wote boma moja. Wengine wako kwa rafiki yangu Soy, wengine kwa mtu wa rika langu Turbo, wengine mbele huko. Anayewachunga anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wangu. Ugonjwa ukija hapa, au wezi, watawakuta hawa watatu. Na huyo wa Soy hajui wa Turbo ana nini. Anayewajua wote ni mimi, na mimi sisemi."

Akacheka. Mwenzangu hakucheka.

"Na huyo wa Soy akikugeuka, Mzee?"

"Atanigeuka na wale alio nao. Wote hawezi."

Mwenzangu akaendelea kuwatazama wale watatu hadi chai ikapoa. Nilidhani amechoka.

Jopo lilianza na mimi. Mzee mmoja aliyekaa pembeni akaniuliza, "Hicho kituo chako kikiingia mikononi mwa mwizi, unabaki na nini?" Nikasema tutaongeza kufuli. Mtu akakohoa. Hakuna aliyeniuliza tena.

Kisha akaingia yeye, na viatu vyake. Akasema tusiweke hesabu mahali pamoja. Tuzikate vipande, kila kipande kikae kwenye mashine yake, na kipande kimoja peke yake kisimwambie mwizi chochote, mpaka vichache vikutanishwe. Mashine moja Turbo, moja Soy, moja Kapseret. "Wafugaji wa hapa wanafanya hivi na ng'ombe zao," akasema, akanitazama akitabasamu, kana kwamba ananipa zawadi. Wallahi, niazime kiapo chake, nilitaka kumrukia shingoni.

Mimi ndiye niliyewaswaga ng'ombe hao hadi Soy, tangu nikiwa mdogo, fimbo mkononi! Nimenyeshewa kwa ajili yao! Na nafasi akapewa yeye.

Jioni hiyo nilimfokea Baba, jambo ambalo kwetu halifanywi. "Ulimpa ng'ombe wetu!"

Baba hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Ulikuwa umesimama hapo hapo," akasema. "Nilikuwa naongea nanyi wote wawili."

Yeye akaenda. Mimi nikabaki na redio, nikafundisha, nikapanda milingoti. Miaka ilipita, nafasi nyingine ikatokea, na aliyenipendekeza kutoka huko ng'ambo ni nani kama si yeye? Nikaenda, nikaingia katika kazi ile ile ya vipande na siri, kwa sababu ni kazi nzuri na kwa sababu njia nyingine sikuiona. Nimeifanya maisha yangu yote. Naiweza, na watu wananisifu. Ila desturi ya wasomi ni kumtaja kwanza aliyetangulia, na huwezi kuiruka.

Makala yangu ya kwanza ilipochapishwa niliileta Kapseret. Baba akataka nimsomee, nimgeuzie kwa Kiswahili. Nikaanza pale inapoanza: kama alivyoonyesha fulani. Nikalitaja jina.

Baba akapiga paja kwa furaha. "Huyo si kijana wetu? Ala! Amefika mpaka humo!" Akasogeza kiti karibu, akanikazia macho. "Haya, sasa nisomee mahali ulipo wewe."