Dirisha la Kizuka

Mama mkwe wangu alikuwa na nyumba Ngamiani, ya udongo na bati, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Vyumba vya mbele walipanga wanaume, makuli wa bandarini na karani mmoja wa shamba la mkonge. Nyuma, uani, kati ya jiko na choo, alikuwa amejijengea kibanda cha chumba kimoja cha kupangisha, bila kumwomba mtu ruhusa. "Uani kwangu nijenge kwa kibali cha nani?" ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa.

Nilipoletwa pale bibi harusi, miaka ya hamsini, kibandani niliwakuta mtu na mkewe, watu wa Pemba. Yule mwanamke ndiye aliyenifundisha kupalia wali bila kuuunguza, maana kwetu mimi nilidekezwa, nisiseme uongo. Jioni tulitandika mkeka uani, huyu anakuna nazi, huyu anasukwa nywele, na chungu cha mmoja kilikuwa chungu cha wote. Siku hizi kila mpangaji ana mita yake ya umeme na kufuli lake, hata chumvi watu hawaombani. Wanasema ndiyo maendeleo. Haya.

Mume wa yule Mpemba aliugua kifua, akakohoa kiangazi kizima, akafa mle kibandani. Mkewe akaingia eda mle mle. Mwanamke aliye edani sisi humwita kizuka: hukaa ndani miezi minne na siku kumi, asionekane na mwanamume asiye maharimu wake, wala asihame nyumba ile mpaka atoke.

Hazijapita siku nyingi akaja Bwana Afya wa mji. Alikuwa kijana wa pwani, mwenye adabu zake. Akasimama ukumbini, akamwamkia mama mkwe shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunibomolea?"

"Mama, marehemu amekufa kwa kifua, na chumba kile hakina hata tundu. Huyu mjane anavuta hewa ileile. Sheria haikubali mtu kulala humo. Litobolewe dirisha, likae wazi usiku na mchana, pazia sitaki. Au chumba kivunjwe."

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililotuudhi. Ukuta mmoja wa kibanda uliegemea choo, wa pili jiko, wa tatu ulikuwa wa jirani. Dirisha lingeweza kutazama uani tu, na uani ndiko walikopita wanaume wote kwenda kuoga na kujisaidia. Mama mkwe alimpa kizuka chumba chake mwenyewe. Akakataa. "Mume wangu nimemuuguza humu," akaniambia, "na eda yake nataka niimalize humu. Nikitoka kabla, nitakuwa nimemwacha." Alilia mpaka nami nikalia. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoulizwa, akasema mwenye nyumba akimtoa, dini inampa ruhusa ya kuhama.

"Basi mimi simtoi," mama mkwe akasema. "Tuone atahamaje."

Kesho yake alichukua panga, akabomoa udongo na kukata fito mwenyewe, sisi wanawake tukizoa. Mwanga ulipoingia, kizuka alikaa kitandani akiitazama kanzu ya mumewe ukutani, akasema alikuwa hajui kama imechakaa vile. Jioni mama mkwe akawakusanya wanaume barazani.

"Tangu leo uani si kwenu. Mkitaka kuoga, msikiti uko pale. Mkitaka choo, msikiti uko pale. Chakula mtaletewa hapa hapa."

Mume wangu akauliza, "Na mimi, mama?"

"Wewe si mwanamume?"

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, lakini usiku niliona haya kwa ajili yake. Nilijua watakaa siku tatu, kisha waanze kununa. Wanaume nawajua. Lakini wapi! Alfajiri walitoka wote na ndoo zao, na masika ilipopiga walitoka na magunia kichwani. Mtaa mzima ukatuuliza kama choo chetu kimejaa. Karani, aliyekuwa akijiona mtu mkubwa, alitoka na taulo begani kama wengine. Hakuna aliyepunguziwa kodi, wala hakuna aliyeomba. Mume wangu alipata homa kwa mvua ile, na alipopona akabeba ndoo yake tena. Ndipo nilipoanza kumpenda, maana niliozwa tu, sikumchagua.

Bwana Afya aliporudi kukagua hakuvuka ukumbi. Alinipa mimi kamba yake ya kupimia, akangoja barazani na makuli, nikalipima dirisha, nikamletea jibu.

Eda ilipokwisha kizuka aliogeshwa, akavaa buibui, akaja mpaka ukumbini. Wanaume walikuwa wamesimama mlangoni kwa nje. "Nimeimaliza," akawaambia. "Nawaombeni radhi kwa taabu." Mume wangu akajibu kwa niaba yao, macho chini, kwamba haikuwa taabu. Kaka yake kizuka, aliyekuja kumfuata, akamchukua wakarudi Pemba.

Mume wangu alikufa uzeeni, tukiwa tumepanga Pongwe, nyumba ya tofali yenye madirisha mapana na mkataba uliopigwa muhuri. Eda yangu ilikuwa bado changa mwenye nyumba alipotaka nyumba yake. Si mtu mbaya; alitoa notisi, akasubiri, akaleta na gari la kunihamisha. Nilimwuliza mwalimu, naye akaniambia ruhusa ipo. Wanangu wakapakia vitanda nyuma. Mimi, mzee, nikapandishwa mbele kando ya dereva, tukapita barabara kuu mchana, kila mwanamume wa njiani akinitazama.