Neno la Mtoto Mkimya

"Yule jirani yako anauza watoto," mshona nguo alimwambia Mama Kichanga, pini amezibana mdomoni. "Anawaandikia watu wa ng'ambo. Anamsifu mtoto kama dalali anavyosifu mbuzi, basi wenyewe wanakuja kumbeba. Na chozi halimtoki. Muulize."

"Nimuulize nini, mwenzangu?"

"Basi funga mlango vizuri. Huyo wako ana mashavu ya kuuzika."

Mama Kichanga alicheka, akachukua gauni lake lililobadilishwa zipu, akarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Hakuyaamini maneno yale, ila njia nzima alijikuta akimshika mtoto makalio kana kwamba mbeleko imelegea.

Jirani mwenyewe nyumba nzima ilimwita Karani. Alikaa chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Zamani alikuwa mpiga chapa katika kampuni ya mbao. Kampuni ilipofungwa, akapata kazi kwenye kituo cha kulelea watoto wasio na wazazi. Huko aliandika kwa Kiingereza habari za kila mtoto: anapenda nini, anaogopa nini, tabia yake ikoje. Waliotaka kulea walisoma kwanza, ndipo wakaja. Mume hakuwa naye, wala mtoto. Ukimsalimia aliitikia vizuri, na baada ya hapo kimya, kama redio ambayo taa inawaka na sauti haitoki.

Jioni hiyo Mama Kichanga alimkuta ameketi kwenye ngazi ya uani, viatu vya kazini miguuni, ndoo yake inafurika bombani.

"Dada Karani, maji yanamwagika."

"Nayaona."

Hakunyanyuka. Mama Kichanga alifunga bomba, akaketi ngazi ya chini yake. Shule yake ilikuwa imeishia darasa la saba, lakini kumwelewa mtu anayetazama maji yakimwagika hakuhitaji cheti.

"Kazini kumekuwaje leo?"

"Kuna binti mdogo, hasemi," Karani alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi. "Wapo wanaomtaka. Jumatatu mkuu wa kituo anataka niwe nimeshamwandika."

"Si uandike kwamba ni mkimya, yaishe?"

"Mkimya yupi?"

Mama Kichanga aligeuka kumtazama.

"Sisi tukisema mkimya tumemaliza," Karani aliendelea. "Kiingereza hakikuachii. Kuna quiet. Huyo mko naye chumbani, anakuona, anakusikia, ila kusema hana haja. Kuna shy. Huyo angependa kusema, macho yako ndiyo yanamzuia. Geuka kidogo utamsikia. Halafu kuna withdrawn." Aliangalia viatu vyake. "Huyo ameshaondoka zamani. Amekuachia mwili uuogeshe na kuuvalisha."

"Na wako ni yupi kati ya hao?"

"Sijui. Mkuu anasema niandike quiet. Mtoto asiyesumbua nani hamtaki?"

"Na ukiandika lile la mwisho?"

"Wengi hawaji. Akija mtu, awe mwenye subira ya kweli, na hao ni wa kutafuta kwa tochi. Huenda akabaki na sisi mpaka akue."

"Basi lile la kwanza si ndilo afadhali? Apate kwao."

"Mwaka jana kuna mvulana alipata kwao. Mimi niliandika vingine, mkuu akafuta, akaweka kwamba ni mtulivu. Wakamchukua wakitegemea utulivu. Kumbe mtoto ameganda. Wakimkumbatia ni kama wamekumbatia mlango. Wakamrudisha, na begi lake jipya."

"Ulilia?" Mama Kichanga aliuliza, na swali lenyewe likamtia aibu.

"Nilimtafutia kandambili zake za zamani. Zilikuwa zimeshambana."

Juu, mtu alikuwa anakung'uta shuka dirishani. Mama Kichanga alifungua mbeleko, akamweka mtoto mapajani.

"Kuna wanaosema unauza watoto," alisema taratibu. Aliona afadhali alitoe kuliko kulala nalo.

"Najua. Mshona nguo alinipima kiuno huku akiniuliza bei."

Mama Kichanga alicheka peke yake. Karani hakucheka, wala hakuonekana kukasirika.

"Sasa huyo binti utamjuaje?" Mama Kichanga aliuliza.

"Mimi huwa simwandiki mtoto kwa kumwona na watu wazima. Mbele ya mtu mzima kila mtoto anaigiza, hata kimya chake ni cha kuigiza. Namweka karibu na mdogo kuliko yeye. Nakaa mbali, naangalia mikono. Mtoto aliyepo, hata kama hasemi, mkono wake utakwenda tu kwa yule mdogo. Ila pale kituoni huyu ndiye mdogo wa wote. Hakuna wa kumwekea."

Kichanga alikuwa ameshaukamata mkono wa blauzi ya Karani, anauvuta kuupeleka mdomoni. Karani alikitazama kile kidole kilichonata kwenye kitambaa. Hakukitoa. Kwa mara ya kwanza tangu aketi, alivua viatu, kimoja, kisha kingine, akavipanga pembeni.

"Mama Kichanga, niazime mwanao," alisema. "Kesho kutwa, mchana, njoo naye kituoni. Wewe usibanduke, ukae hapo hapo. Mlaze tu mkekani karibu na yule binti, na binti usimwambie kitu, usimchekee. Mimi nitakuwa dirishani. Binti akimgusa mwanao, hata kwa kidole kimoja, nitaandika quiet kwa mkono wangu mwenyewe. Asipomgusa, twende wote kwa mkuu, ukamweleze ulichokiona, maana mimi ameshanizoea. Utakuja?"