Turbo au NA? Wiki tatu za kuchagua sports car ya kumtoa dada yangu nyumbani

Wakuu wa jukwaa la magari, nawasalimu kutoka Kigali.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, juzi tu, mchana kweupe, mtaa mzima ukiangalia. Ningekuwa mtu wa kutunga, ningejitungia sehemu nzuri zaidi kuliko hii niliyopewa. Basi someni.

Mimi ni fundi wa viti vya magari, Nyakabanda. Nashona kava, nabadilisha sponji, natengeneza viti vilivyokaliwa mpaka vimekata tamaa. Shule niliishia sekondari mwaka wa pili. Perimi, yaani leseni ya udereva, ninayo, gari ndio sina. Sijawahi kuwa nayo. Lakini niamshe usingizini uniulize habari za injini, nitakujibu kabla sijajua uko nani.

Nina dada mmoja, Zaina. Wazazi wetu walishatangulia. Yeye ndiye alinilea kwa cherehani yake aliyoiweka pale Nyamirambo. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwapia kwamba siku akiolewa nitamtoa nyumbani kwa sports car, mimi mwenyewe nimeshika usukani. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Mwaka huu akapata mchumba, seremala wa Gisozi, mtu mpole anayeongea kama mbao zinasikia. Tarehe ikapangwa. Na mimi nikabaki na kiapo changu, bila gari.

Mungu si Athumani. Kuna bosi mmoja hapa mjini anakodisha magari ya harusi, tumwite Bosi Gatera. Amekulia Kampala, kila sentensi anaipakia "you know" kwenye buti. Ana sports car mbili za Kijapani. Nyekundu ina turbo. Nyeupe ni NA. Akaniletea zote nizishonee viti upya.

Siku hiyo hiyo nikamwambia, bosi, usinilipe. Nipe gari moja Jumamosi ya harusi, nimbebe dada yangu.

Akacheka sana. Kisha akasema, "Chagua moja, Shaba. Moja tu. Na ikirudi na mkwaruzo, you know, nitakushona wewe."

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza rasmi.

Kwa wale waliopotea njia wakaingia humu kutafuta mapishi: NA ni injini inayovuta hewa kwa pua yake yenyewe, kama mimi na wewe. Turbo ina kifeni kinachozungushwa na moshi wake, kinasindilia hewa ndani mpaka injini inashiba. Na Kigali iko juu, hewa yetu nyepesi. Kwa hiyo NA huku inapanda mlima kama mtu aliyefunga halafu akasahau daku.

Nikaja humu jukwaani kuuliza. Mnakumbuka. Msijifiche.

Kuna aliyeniambia niende na NA kwa sababu kuanzia RPM elfu saba inaimba kama malaika. Mkuu, huu ni mji wenye Sofia. Sofia ni kamera ya barabarani, haina mapumziko na haina ndugu. Huyo malaika nitamsikilizia wapi? Nimeegesha?

Kuna aliyeniandikia aya kumi na mbili kuhusu intercooler, kile kipoza hewa cha turbo. Nikaguswa, nikamtumia ujumbe pembeni kumshukuru, nikamuuliza yeye anaendesha gari gani. Akasema kwa sasa anaishi kwa mjomba wake, ana ufunguo wa geti.

Na kuna yule alisema mwanaume anayechagua NA bado hajakua. Wakuu, hiyo iliniuma. Nililala nayo.

Rafiki yangu Eriki, ambaye ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, na anajiona mtaalamu wa chochote chenye gurudumu, alikuwa upande wa NA. Alisema, "NA iko inaimba, sha. Turbo iko inakohoa halafu inakimbia, kama mwizi mwenye kifua." Tulibishana kibandani kwangu mpaka wateja wakawa wanachukua upande. Mama mmoja aliyeleta kiti cha basi dogo akasema yeye anataka tu kiti chake.

Bosi akakubali nizijaribu, yeye akiwa pembeni yangu ameshika mkanda.

Nikaanza na nyeupe. Kuteremka kwenda Nyabugogo, nawaambia, nilikuwa nataka kulia kwa raha. Mguu unaongea, injini inajibu hapo hapo, sauti safi. Tulipogeuza kupanda, ikabaki sauti peke yake. Nilipitwa na basi. Abiria mmoja dirishani aliniangalia kwa huruma, ile ya kuangalia mtu mwenye nguo nzuri anayesukuma mkokoteni.

Siku ya pili nyekundu. Nikaipeleka mlima wa Gisozi. Unakanyaga, kimya. Unasubiri, ndiyo lag hiyo. Unaanza kufikiria maisha yako. Halafu ghafla teke la punda mgongoni, mlima unakuja wenyewe. Nikapiga kelele ya furaha. Bosi naye akapiga kelele, ya kwake ilikuwa inahusu Sofia iliyo mbele. Nikakanyaga breki. Boost, ile nguvu ya turbo, ikaenda zake.

Ndiyo turbo ya Kigali hiyo. Unaisubiri, inafika, unaifukuza.

Lakini mnaona ramani? Kutoka kwetu Nyakabanda mnateremka mpaka bondeni, halafu mnapanda Gisozi. Bibi harusi hawezi kupanda huku anapitwa na basi. Kwa hiyo baada ya wiki tatu za mabishano, kurasa nzima za uzi, na chai ambazo sitaki kuzikumbuka, nikatangaza: turbo.

Eriki alininunia siku mbili.

Zaina mwenyewe sikumwambia kitu. Nilitaka surprise. Kila jioni alikuwa ananiuliza ni gari gani inakuja, na mimi namwambia tulia, dada, utaona. Alikuwa anashona gauni lake mwenyewe, naye hakutaka nilione. Kila mtu na siri yake, nyumba moja.

Jumamosi ikafika. Asubuhi wanaume tukaenda msikitini, nikah ikafungwa vizuri. Ikabaki kazi yangu: kumtoa bibi harusi nyumbani na kumfikisha ukumbini Gisozi, ambako bwana harusi na wazee wake wanasubiri.

Nikaingia mtaani na nyekundu, nimevaa suti. Nikairudisha nyuma mpaka mlangoni. Nikapiga resi mara mbili ili wafu wasikie. Majirani wakatoka. Eriki akasimama juu ya pikipiki yake na simu, anarekodi.

Zaina akatoka. Wakuu, dada yangu alikuwa mzuri, nitaliandika hili hata kama mods watalifuta. Gauni lake lilikuwa na tabaka tatu, na chini kuna duara la waya linalolifanya lisimame kama mwavuli. Ilibidi apite mlangoni kwa ubavu. Nyuma yake Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba, amemshika mkono.

Zaina akasimama. Akaiangalia gari. Akaizunguka kwa macho, mbele mpaka nyuma.

"Shaba," akasema, "milango mingine iko wapi?"

Wakuu, sports car ina milango miwili.

Mimi ni FUNDI WA VITI. Kile kiti cha nyuma kilikaa juu ya meza yangu siku nne. Nilikipima kwa mkono wangu. Nilijua kabisa ni kiti cha kuwekea begi na mtoto asiye na maoni. Na zaidi ya hapo, kwa mapenzi, nilikuwa nimekiongezea sponji vidole vinne ili dada akae juu kama malkia. Wiki tatu naulizia pumzi za injini, na makalio yanayonilisha sikuyakumbuka hata sekunde moja.

Na kwetu bibi harusi hatoki nyumbani peke yake. Shangazi anakaa ubavuni mwake mpaka amkabidhi. Hilo halina mjadala, hata kwa gari yenye intercooler.

Shangazi akasema tusipoteze muda, yeye ataingia nyuma. Magoti yake ni mabovu, lakini moyo wake ni wa askari. Akaingia kichwa kwanza, akageuka, akakaa. Ile sponji yangu ikampandisha mpaka shingo ikalala begani. Kutoka kule ndani akatuambia, kwa heshima zote, kwamba yuko kama kuku kwenye tenga.

Zaina akajaribu mbele. Gauni likapanda juu ya gia, likafunika handbrake, likaja mpaka usukani. Nikawa naona kitambaa tu. Nikaomba atoke kidogo nifikirie.

Akatoka. Nikataka kumtoa na Shangazi. Kiti cha mbele kikagoma kusogea. Mshono wangu mpya, ule wa ukingo mgumu niliokuwa najivunia, ulikuwa umebana kile kishikio cha kukisogezea.

Kwa hiyo, wakuu, picha ndiyo hii. Shangazi yuko ndani, hatoki. Bibi harusi yuko nje, haingii. Simu yangu inaita, ni Gisozi. Eriki akaipokea akawaambia tuko njiani, huku mkono mwingine unaendelea kurekodi.

Nikavua koti. Nikakimbia kibandani, nikarudi na spana, nikapiga magoti na suti yangu, nikaanza kukifungua kiti nilichokifunga mwenyewe siku mbili nyuma. Boliti nne. Niliziapia siku ile nazikaza kwamba hazitalegea, na kweli ni kazi nzuri, hazikutaka kulegea.

Zaina alikuwa amesimama juu yangu.

"Ulimuuliza nani kuhusu hii gari?"

Nikamwambia watu wa jukwaani.

"Wengi?"

Nikasema wengi.

"Kati yao kuna hata mmoja anaolewa leo?"

Majirani walicheka mpaka mwingine akakaa chini. Mimi nilikaza macho kwenye boliti.

Kiti kilipotoka, Shangazi akatoka, akajinyoosha, akanibusu kwenye paji la uso. Hilo liliniumiza kuliko matusi. Tayari alikuwa anavuka barabara kwenda kwa Mzee Rajabu, jirani, ambaye ana gari kuukuu ya milango minne anayoifanyia teksi. Rangi yake ilishakimbia. Mzee alitoa ufunguo bila swali.

Mimi nikabaki nimekaa juu ya kile kiti, kiko chini, barabarani. Machozi yakaja. Niseme ukweli wote. Miaka yote nilikuwa na ndoto moja tu isiyo ya kwangu peke yangu, na nilikuwa nimeifungua kwa spana mbele ya watu.

Zaina akaja. Hakuweza kuinama kwa sababu ya ule waya, akaongea nami kutoka juu.

"Uliapa vitu viwili," akasema. "Sports car imekataa. Usukani nao umekataa?"

Akaninyooshea ufunguo wa Mzee Rajabu.

Basi tukaenda. Yeye na gauni lake wakajaza kiti cha nyuma, Shangazi pembeni ana nafasi yake, anapumua. Mimi mbele, mikono ina grisi, shati limetoka. Nyekundu ilibaki pale mtaani bila kiti, inalindwa na Mzee Rajabu kama mgonjwa.

Tukateremka vizuri. Tulipoanza kupanda Gisozi, mbele yetu likatokea lori la mbao linakwenda karakana za samani, limejaa, linapanda kwa mwendo wa mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Simu inaita tena. Tumechelewa. Nikaona nafasi upande wa kushoto, maana huku tunaendesha kulia, nikaweka indiketa, nikashusha gia.

Mkono ukanigusa begani kutoka nyuma.

"Usilipite," Zaina akasema.

Nikadhani anaogopa. Nikamwangalia kwenye kioo. Alikuwa amegeukia dirishani, anatazama ng'ambo ya bonde, kule kwenye mabati ya kwetu.

Nikazima indiketa. Nikakaa nyuma ya lile lori mpaka juu.

Jioni nilimrudishia bosi gari yake, kiti kimefungwa, haina mkwaruzo. Akaangalia kilomita, akaniuliza kama harusi ilifanyika uani. Video ya Eriki mmeshaiona wengi wenu, inazunguka. Yule aliyeinamia kiti ni mimi.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukitaka kumbeba mtu, muulize yeye kwanza. Mengine ya boost na lag utayamalizia njiani, kama njia yenyewe itakuruhusu. Na injini ya Mzee Rajabu ni ya aina gani? Sijui. Sikuuliza. Ilifika.

Haya, uwanja ni wenu. Wa turbo, wa NA, na wewe mwenye ufunguo wa geti, nichekeni mtakavyo, nimevaa helmeti. Ila anayetaka kuanza na neno "kitaalamu," aniambie kwanza ameshambeba nani.