Mlango wa Nyumba ya Hajja

Bosi wangu wa Riyadh alikuwa na mama mzee aliyezaliwa mji wa kale wa Jeddah. Familia ilipokwenda huko likizo, mama huyo akasema hataki ufuoni wala kwenye maduka ya vioo. Alitaka kuiona nyumba ya baba yake. Mimi nilikuwa dereva wao, mtu wa Nakuru, mwaka wangu wa pili Saudia. Nikapewa kazi ya kumtembeza.

"Lakini si na hiyo jinzi," akasema madam, mke wa bosi.

Akanipa kanzu nyeupe ya bosi, iliyopigwa pasi ikanyooka kama karatasi. Nilijitazama kwenye kioo cha gari nikajiona mtu. Kule Riyadh, nikimngoja madam nje ya majengo ya mtaa wa Olaya, walinzi walizoea kunifukuza kivulini. Siku hiyo nilipita na watu wakanipisha.

Gari tuliliacha barabarani, maana vichochoro vya mji wa kale ni vya miguu. Hajja, ndivyo sote tulivyomwita, alinishika mkono mmoja na kwa mwingine akawa ananionyesha mambo kwa bakora. Mtaa huu ulikuwa wa wafanyabiashara wakubwa. Ule kule, wa watu wa bahari. Hapa palikuwa na tanuri la mkate, utotoni akitumwa mkate asubuhi anaumega njiani na kuchapwa akifika nyumbani. Alilisema hilo akicheka peke yake. Nyumba zilikuwa ndefu, za mawe ya matumbawe, na roshani za mbao zilizochongwa hadi juu, nyingine zimeinama mpaka unaogopa kupita chini yake. Wenyewe walikuwa wamehama zamani. Sasa wamepanga wageni, na kwenye mbao zile za fahari wameanika mashuka na suruali za kazi.

Tulipotea, tukarudi, tukamuuliza mzee wa Kiyemeni aliyekuwa akiuza chai pembeni. Hajja akaenda hatua chache kisha akasimama.

"Ndiyo hii."

Alikuwa anahema. Nilitaka aingie aketi, na nilitaka pia aone kwamba dereva wake ni mtu wa kuaminiwa. Nikaupiga mlango kwa ngumi. Nikapaza sauti kwa Kiarabu cha amri, kile nilichokuwa nikiamrishwa nacho kila siku.

"Fungua! Yalla, fungua!"

 Ndani ikasikika sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili: "Jawazati! Jawazati hao! Pandeni juu!"

Nikaganda. Jawazati ndio askari wa pasipoti, wanaowakamata wasio na karatasi. Nikasikia watu wakipanda ngazi mbio, sufuria ikaanguka, halafu kishindo kizito na yowe. Nikausukuma mlango, ukafunguka.

Chini ya ngazi alikuwa amelala mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, ameukumbatia mkono wake. Alipoiona kanzu akajikunyata ukutani.

"Baba, nihurumie," akasema kwa Kiarabu.

"Dada, mimi Mkenya. Mimi dereva tu."

Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Mkenya?" akasema. "Mkenya gani asiyejua kupiga hodi?"

 Masikio yalinichoma. Nilitamani kuivua ile kanzu palepale, nibaki na fulana.

Hajja alikuwa ameingia. "Anasema nini?" akaniuliza. Nikamwambia ameanguka kwa kutuogopa. Sikumwambia lile la hodi. Hajja akajishusha polepole kwenye ngazi, ngazi za baba yake, akafungua mtandio wake wa ndani na kuufunga mkono uliokuwa umeanza kuvimba.

"Mwambie asiogope. Mwambie nilizaliwa humu."

Nikatafsiri. Mwanamke akaitikia kwa kichwa tu. Nikamsihi nimpeleke hospitali.

"Na ikama gani, kibali cha kukaa sina?" akasema. "Nilimtoroka kafili wangu, tajiri aliyenileta, pasipoti anayo yeye. Nendeni tu, kaka. Nendeni, wenzangu wako juani huko darini."

Hajja hakuomba kupanda juu kuiona roshani ya nyumba aliyokuja kuitazama kutoka Riyadh kote kule. Aligusa ukuta kidogo, akanishika tena mkono, tukatoka. Njiani hakunionyesha mtaa wowote tena.

Jioni bosi akamuuliza mama yake kama aliiona nyumba.

"Imefungwa," Hajja akasema. "Hakai mtu."

Bosi akanigeukia. "Kweli?"

"Kweli, baba. Hakai mtu."

Kesho yake niliomba ruhusa, nikavaa jinzi yangu, nikanunua bendeji na dawa ya kuchua. Mlango niliukuta wazi. Ndani hapakuwa na godoro wala sufuria. Nikatoka kumuuliza yule mzee wa chai.

"Mafi, hakuna mtu," akasema, akipangusa glasi. "Halas, wamekwenda. Jana alikuja mtu wa serikali na bibi mmoja, wakaogopa. Mmoja ameumia mkono, maskini."

Hakunitambua. Akanimiminia chai, akanisogezea kiti cha plastiki, akaniuliza natoka nchi gani. Nikamwambia Kenya. Akasema Wakenya ni watu wema. Nikainama, nikainywa ile chai ingali moto, ikaniunguza ulimi.