Nyasi Mkononi mwa Baba

Katika darasa la ubatizo tulifundishwa methali ya watu wa pwani, kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi niliguna, na mwalimu akaniuliza, "Bibi, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Ningemwelezaje kijana yule kwamba nyasi ndizo zilizomuua baba yangu?

Nilikuwa mwari, nimeshachumbiwa, Wajerumani walipoingia upande wetu wa mlima Meru. Tulikaa Moshono. Baba alikuwa Mwarusha, mama Mmeru, kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na sheria mbili za amani. Kwa watu wa baba, mtu aking'oa nyasi mbichi akaziinua mkononi, haguswi, hata kama ni yeye aliyekuulia ndugu. Kwa watu wa mama, mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, huwezi kumnyima msamaha, na ukishalipokea jambo limekwisha. Mama alikuwa amepanda isale kuzunguka migomba yetu yote. Baba alizoea kumtania: "Mke wangu, hayo majani yako hata mbuzi hawayataki." Mama naye hakukosa jibu: "Ndiyo maana yangu bado yapo. Nyasi zako mbuzi wameshazila."

Vijana wetu walikuwa na kiongozi wao wa vita. Mimi nitamwita jemadari, maana alipenda makuu. Alivaa manyoya ya mbuni kichwani hata siku ya kuchimba mfereji. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaongoza moran kwenda Kilimanjaro kuiba ng'ombe, na kaka yangu mkubwa alimfuata kila safari. Wazungu walipopiga kambi, jemadari akasema tuwashambulie, ni wachache, wanahesabika kwa vidole. Hapo hakukosea. Aliowasahau ni watu wa Kilimanjaro, wale tuliowachoma nyumba na kuwaswagia ng'ombe. Wazungu waliwaita waje kulipiza, nao hawakusubiri kuitwa mara mbili.

Ndiyo sababu siviiti vita vile vita vya Wajerumani. Wajerumani niliowaona walikuwa wachache, wamekaa juu ya punda, wananyoosha vidole. Waliotukata ni watu ambao mama aliyaelewa maneno yao bila mkalimani.

Walipigana ng'ambo ya mto Themi tangu asubuhi. Tulisikia bunduki, tukadhani ni ngurumo, lakini mbingu ilikuwa nyeupe. Kisha moran wakaanza kupita shambani kwetu wakikimbia, wengine bila ngao, mmoja ameshika utumbo wake kwa mikono miwili. Alianguka penye mfereji na maji yakawa mekundu mpaka kwa majirani. Vijana wa rika la kaka wakamleta wamembeba, paja limepasuliwa na risasi, wakamtua nyuma ya nyumba na kuendelea kukimbia. Jemadari alikuwa ameshafika msitu wa juu ya Olmotonyi, na manyoya yake.

Mama alimfunika kaka kwa majani makavu ya migomba. "Usilie," alimwambia, "hata wakikukanyaga."

Watu wa Kilimanjaro walikuja mchana. Nyumba za jirani ziliungua upesi. Migomba haikuungua, ikabidi waikate mmoja mmoja, na hadi leo nikisikia panga kwenye shina la mgomba huingia ndani na kufunga mlango. Wanawake walifungwa kamba. Mtoto wa jirani alirushwa ndani ya moto. Nililiona hilo, na sitaki kulieleza zaidi ya hapo.

Baba akasema, "Nitaenda kuwazuia." Aliweka rungu lake chini, mbali, ili walione. Akatoka hadi kwenye njia, mbele ya mkuu wao wa vita, mtu mrefu ambaye sikio lake moja lilikuwa limechanika. Aliinama haraka, akang'oa nyasi.

Yule mkuu aliona adui ameinama kwenye nyasi ndefu akipapasa. Mkuki ulimwingia baba shingoni kabla hajanyooka. Alijaribu kuinua mkono, akauinua nusu, zile nyasi zimebanwa kati ya vidole na udongo unadondoka kwenye mizizi. Mkuu wa vita alizitazama. Aliona ni nyasi tu, akachomoa mkuki wake.

Mimi nilipiga yowe. Mama hakupiga. Alikwenda kwenye isale zake, akakata jani, akalifunga fundo. Nilidhani amepata wazimu. Tayari watu wawili walikuwa wakipekua yale majani makavu kwa ncha za mikuki, na kaka alikuwa ameonekana mguu.

Mama akasimama juu ya mguu ule, akamnyooshea jani yule aliyemuua mumewe sasa hivi.

"Kaka yangu," alimwambia kwa Kimeru, ambacho watu wa Kilimanjaro hukisikia, "pokea isale. Huyu ni mtoto wangu."

Yule mtu alishtuka. "Nani amekufundisha isale katikati ya Waarusha?"

"Nimezaliwa nayo kama wewe. Pokea."

"Mtoto wako amechoma nyumba ya baba yangu."

"Na wewe umemuua baba yake, yule pale. Pokea."

Kisha akalitemea jani mate ya baraka, akalichomeka kiunoni. Askari mmoja wa Wajerumani mwenye bunduki akaja akiuliza nani amelala pale. Mkuu wa vita akamjibu kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, "Maiti. Usiharibu risasi." Wakaondoka na ng'ombe wetu wote.

Kaka alipona, akachechemea. Lakini hakumshukuru mama. Alimwambia mbele yangu, "Isale ni mambo ya kwenu. Mimi ni Mwarusha. Nitamuua." Mama alimsihi, akamweleza kwamba jani limeshapokelewa na deni la damu limefungwa pande zote mbili. Kila alipoanza maneno hayo, kaka alitoka nje. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wa kaka. Nilikuwa nikilala na picha ya lile sikio na kuomba Mungu wa mlima atuletee mwenye nalo.

Alituletea. Wajerumani walipojenga boma lao pale mjini, watu wetu walikusanywa kwa nguvu kubeba mawe na kukanyaga chokaa. Mkusanyaji alikuwa nani? Jemadari wetu! Alishuka msituni mambo yalipotulia, akapewa kofia, na mtu wa kwanza kumpeleka kwenye chokaa alikuwa kaka yangu mwenye mguu mbovu. Aliyechelewa alilazwa kifudifudi na kuchapwa kiboko, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, mpaka mgongo ukafunguka.

Nilikuwa nimempelekea kaka ndizi, nikapita Kijenge na kuingia bomani. Nikakuta msafara wa wapagazi umefika kutoka Kilimanjaro na mbao. Aliyewasimamia alikuwa na sikio lililochanika. Niliangusha kikapu. Kaka alikuwa ameshamwona. Alikuwa na jembe la kuchanganyia chokaa, akaliinua juu ya kichwa na kwenda kwake akichechemea. Watu wakampisha njia. Nilisema kwa sauti, mimi msichana wa kufundishwa heshima, "Mpige!"

Yule mtu alikuwa na sime kiunoni. Hakuigusa. Alimtazama kaka, akautazama mguu, akajua.

"Nilidhani baba yako anaokota mkuki," alisema. "Baadaye niliwauliza watu wenu zile nyasi ni za nini."

Kisha akainama polepole, shingo wazi kabisa chini ya jembe, akang'oa nyasi, akaziinua.

Kaka alisimama vile na jembe juu. Chokaa ilimdondokea machoni, hakupangusa. Kisha akalishusha. Askari wakamkamata kwa kuacha kazi, wakamlaza na kumchapa, na muda wote wa kuchapwa yule mtu alisimama pale na nyasi zake mkononi. Nilimchukia zaidi kwa kusimama kuliko ambavyo ningemchukia kwa kukimbia.

Jioni mama alikanda mgongo wa kaka kwa maji ya moto. Alimwuliza kama amekumbuka isale. Kaka akasema hapana.

Miaka imepita, Wajerumani wamekwenda zao, mama tumemzika kando ya isale zake. Jemadari alikufa mzee, kitandani, ameshiba. Mwaka ule kaka alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilimwuliza lile nililolibeba tangu bomani. Kwa nini hukumpiga? Alikuja mpaka mikononi mwako.

Alifikiri, akaniambia, "Dada, ningempiga yule mtu nyasi zikiwa mkononi, basi baba angekuwa amekufa ameshika chakula cha ng'ombe."

Nilimpa maji, akanywa kidogo. Lakini mimi bado ningempiga.